Kochi Halifunguliwi Bila Mwenyewe

Fundi alikuwa ametengeneza makochi ya watu kwa miaka ishirini na mitatu, na hakuna aliyewahi kumwona amekaa. Si utani. Kwenye karakana yake, mwisho wa mtaa, alifanya kazi amesimama, akanywa chai amesimama, na gazeti lililofungiwa vitambaa alilisoma amesimama, kichwa kimepinda kama kuku anayesikiliza mazungumzo ya jirani. Mteja akimwambia, "Karibu ukae kidogo, fundi," alijibu, "Mpishi halali jikoni," jibu ambalo halikuwa na maana sana lakini lilimaliza mjadala.

Nyumbani kwake sasa, usiseme. Wahenga walinena kuwa mganga hajigangi, na huyu alitii wahenga kwa moyo wote. Kochi la sebuleni lilikuwa la watu watatu kwa jina na la wawili kwa vitendo, maana pale katikati springi mbili zilikuwa zimeasi. Mgeni akikaa hapo bila kuonywa, aliinuka kabla hajaulizwa habari za kwao. Mkewe aliomba lishonwe tangu mtoto wao wa kwanza hajaota ndevu. Fundi akasema, "Wiki ijayo." Mtoto akaota ndevu, akazinyoa, zikaota tena. Wiki ijayo ilikuwa bado iko njiani.

Mtoto huyo wa kwanza, kijana wa miaka ishirini, walimwita Redio, kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Mdogo wake, binti wa miaka kumi na sita, walimwita Sponji. Alipozaliwa kitanda chake kidogo kilikuwa hakijanunuliwa, akalazwa wiki tatu kwenye kipande cha sponji kilichobaki kwenye kazi ya mteja, na jina likamganda. Yeye ndiye aliyerithi mikono ya baba yake. Akiwa na miaka kumi na miwili alishaujua mshono wa kuficha, ule unaoshonwa kwa sindano iliyopinda kama mwezi mchanga: uzi unapita ndani ya kingo za kitambaa, unauvuta mara moja, unatoweka. Mwenye kochi anaweza kutafuta alikoshonewa mpaka achoke.

Kitu kimoja zaidi kuhusu karakana, kisha tuingie kwenye shida. Juu ya mlango Fundi alikuwa ameandika kwa chaki, kwa herufi kubwa: KOCHI HALIFUNGULIWI BILA MWENYEWE. Alikuwa na sababu. Ndani ya makochi ya watu alishakuta pete ya ndoa, meno ya bandia, barua za mapenzi zisizotoka kwa mume, na siku moja kinyonga, mzima, amekasirika. Kwa hiyo desturi yake ilikuwa hivi: mwenyewe asimame pale, Fundi afungue, kitakachotoka kiwekwe kwenye sinia ya bati, kisha Fundi ainue macho atazame dari mpaka mwenyewe achukue chake. Hakuuliza. Hakusimulia. Watu walimjia kwa sababu ya kazi nzuri, lakini walimrudia kwa sababu ya ile dari.

Haya, shida sasa.

Bibi, yaani mama yake Fundi, alikuwa ameteguka nyonga na kupewa vidonge vya kumsaidia alale. Vidonge vikawa vinaisha kabla ya tarehe. Mkewe Fundi, ambaye kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye duka la dobi, alihesabu mara mbili na kusema bibi anasahau, anameza halafu anameza tena. Basi nyumba nzima ikaanza kumsemesha Bibi kwa sauti kubwa na polepole, kana kwamba nyonga ndiyo inayosikia. Bibi akawa anafunga fundo kwenye leso yake kila anapomeza, asubuhi alihesabu mafundo, na bado akaambiwa amesahau. Mwishowe akaacha kubishana.

Halafu siku moja, kipindi cha hesabu, Sponji akalala juu ya dawati na hakuamka kengele ilipolia. Wala alipoitwa. Wala alipotikiswa. Walimkimbiza hospitali wamembeba. Aliamka jioni, akaona watu wanne wa kwao wamezunguka kitanda, na kitu cha kwanza alichosema ni, "Bibi hajasahau." Kwenye mkebe wake wa bikari walikuta vidonge, vimepangwa vizuri chini ya kifutio.

Mwalimu mkuu hakumfukuza. Aliandika barua yenye sharti moja: Jumamosi sita kwenye kituo cha ushauri nyuma ya hospitali, na waende wote wanaolala nyumba ile. Mshauri atie saini kila kikao. Wakikosa kimoja tu, nafasi ya binti shuleni imekwenda, na mtihani wa mwisho umekwenda nayo.

"Lakini anayetumia vidonge ni mtoto," alisema Fundi, amesimama mbele ya meza ya mwalimu mkuu huku kiti kitupu kikimngoja. "Sisi wengine tunakwenda kutibiwa nini?"

"Nenda ukamuulize mshauri," alisema mwalimu mkuu.

Mshauri alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, mwenye subira ya mtu anayesubiri maji yachemke kwenye jiko bovu. Jumamosi ya kwanza aliwakaribisha kwenye viti sita vyenye mito. Wanne wakakaa. Fundi akakishika chake, akakipindua miguu juu, akatazama chini yake na kuguna.

"Nani alikufungia mikanda hii?" aliuliza.

"Kilikuja hivyo hivyo," alisema mshauri.

"Huu ni uhalifu." Akatoa koleo mfukoni.

Saa nzima familia ikaongea, naye akakaza mikanda. Jumamosi ya pili akatengeneza viti viwili. Mshauri alimshukuru kila mara, akatia saini, wala hakusema neno. Redio alimnong'oneza mama yake, "Mzee akiendelea hivi, Jumamosi ya sita tutakalia viti vya rais."

Jumamosi ya tatu viti vyote vilikuwa vimeshapona, na Fundi hakuwa na pa kujificha. Akaegemea ukuta.

"Leo nina ombi moja," alisema mshauri. "Kila mtu aseme jambo moja alilolijua, akalinyamazia. Moja tu."

Hata Redio alikosa mawimbi.

Sponji ndiye aliyeanza, macho kwenye vidole vyake. Alisema kuwa usiku kichwa chake kilikuwa kama cherehani lililokwama likiwa linakwenda. Mtihani, marafiki, mtihani, mambo aliyosema akiwa darasa la tano. Kidonge cha kwanza cha Bibi kililizima. Alijua siku ileile kwamba atarudia, na hakumwambia mtu.

"Mimi," alisema Redio, kisha akakohoa. "Asubuhi moja nilimkuta amelala wima, mswaki mdomoni. Nikamwita mlinzi wa benki. Nikapata utani wa wiki nzima pale, jamani. Swali hata moja sikupata."

Mama yao alikuwa anainyoosha sketi yake kwa kiganja, mara ya kumi. "Bibi alikwenda kwa wifi yangu siku nne," alisema. "Vidonge tulivibakisha nyumbani kwa bahati mbaya. Aliporudi vilikuwa vimepungua." Akamgeukia mkwewe. "Nilijua hukuwepo, mama. Nilijua. Lakini kama si wewe basi ni mmoja wa wanangu, na hilo sikulitaka. Nikasema umesahau."

Bibi aliitazama fimbo yake. "Mimi nilijua sijasahau," alisema.

"Sasa kwa nini hukusema?"

"Nilisema mara ngapi? Mtu akishaambiwa amesahau, mwanangu, ushahidi wake unapokelewa mahakama gani?"

Mkewe Fundi akafunika uso. Bibi akanyoosha mkono, akaupata mkono wa mkwewe, akaushika kama mtu anayeshika bomba la ngazi.

Wote wakamtazama Fundi.

"Mimi," alisema Fundi. "Mimi nimeacha kopo la gundi wazi karakana. Itakauka." Akatoka.

Sasa, kopo la gundi lilikuwa limefungwa, na Fundi alijua limefungwa. Kitu kilichokuwa wazi kilikuwa kingine.

Miezi miwili kabla Sponji hajalala darasani, Fundi alipita nyuma ya kochi la sebuleni akitafuta viatu vyake. Mkono wake ukagusa ubavu wa kochi, upande wa kushoto, chini ya pale mtu anapoegemeza kiwiko. Hapo kitambaa kilikuwa kimeachia tangu enzi na enzi. Siku hiyo hakikuwa kimeachia. Fundi akarudisha vidole. Mshono wa kuficha, urefu wa shubiri moja, umenyooka kama maji kwenye glasi. Duniani kulikuwa na watu wawili wenye mshono huo na mmoja wao alikuwa yeye.

Kifua kikamjaa. Mtoto ameanza kulitengeneza kochi, alijisemea, tena kimya kimya, anataka kunishangaza. Akaubonyeza ule mshono kupima ukazaji wake. Ndani kitu kikateleza, kikalia taratibu, kama njugu kwenye kopo.

Na Fundi akafanya nini? Akatazama dari. Sebuleni kwake mwenyewe, juu ya kochi lake mwenyewe, akainua macho, akahesabu madoa mawili ya mvua, akangoja kama anavyongojea wateja. Kisha akamgeukia binti yake aliyekuwa mezani na madaftari.

"Mkono umekomaa," alimwambia.

Sponji alikuwa amemkazia macho, kalamu iko hewani. "Asante, baba," alisema.

Fundi akavaa viatu, akaenda kazini. Tangu siku hiyo alipita mbele ya kochi, hakupita nyuma.

Ndiyo maana Jumamosi ya nne, watu wa kwake walipoamka, hawakumkuta. Alikuwa karakana tangu alfajiri na viti arobaini vya ukumbi wa sherehe, anavivua vitambaa vya zamani kama anayekimbizwa. Kikao kilikuwa saa nne. Saa nne ikapita. Alijua inapita, alikuwa na saa ukutani iliyokuwa ikigonga kwa kelele kama ina deni naye. Akajiambia kwamba wataeleza, mshauri ni mtu mwelewa, kazi ni kazi. Akajiambia pia kwamba Sponji anaendelea vizuri, wiki nne sasa, kwa hiyo kufukua mambo kuna faida gani? Kila alipojiambia hivyo, aling'oa pini moja kwa nguvu zaidi ya ilivyohitaji, na mbili zilimchoma.

Saa tano na nusu akasikia kelele nje.

Alipotoka mlangoni aliona kochi linakuja mtaani. Kochi lake. Lilikuwa linatembea kwa miguu minane, linayumba, linasimama, linayumba tena. Mbele Redio na Sponji, nyuma mkewe na mshauri, mshauri mkoba umemzunguka shingoni na miwani imehamia mgongoni. Bibi alikuwa ametangulia na fimbo yake, anasimamisha pikipiki kama askari wa barabarani.

"Pisha! Pisha, kijana, mgonjwa huyo!"

"Mgonjwa yuko wapi, bibi?" aliuliza mwenye pikipiki.

"Umekaribia kumgonga na bado unamtafuta?"

Wakafika. Wakalitua. Mshauri akakaa palepale kwenye boksi la misumari, anahema.

"Mama," alisema Fundi. "Mnafanya nini?"

"Mama yako yuko nyumbani anasahau vitu," alisema Bibi. "Mimi ni mteja, na fundi hamkimbii mteja. Hodi hapa kwa fundi!"

"Mama, tafadhali."

"Nimebisha hodi."

Miaka ishirini na mitatu ni miaka mingi; ulimi una mazoea yake. "Karibu," alisema Fundi. "Kochi lina shida gani?"

"Fundi wake ni mtu wa wiki ijayo. Nataka lifunguliwe leo."

"Leo nina viti arobaini vya watu."

"Soma mlangoni kwako."

Hakuwa na haja ya kusoma. Redio akamsaidia, kwa sauti ya taarifa ya habari: "Kochi halifunguliwi bila mwenyewe!"

"Wenyewe ni watano," alisema Bibi. "Wanne tumekuja, wa tano tumemkuta hapa. Sasa unangoja nani?"

Fundi akamtazama mkewe, apate wa upande wake. Mkewe alikuwa anajifuta jasho na hakuwa na upande wowote wa kumpa. Akamtazama mshauri.

"Ofisi yangu inafungwa saa saba," alisema mshauri. "Fomu ninayo kwenye mkoba. Bibi ameniambia kikao ni watu, siyo ukuta, na nimetafuta sheria ya kumpinga sikuipata. Lakini siwezi kumtilia saini mtu ambaye hajawa nasi. Hilo siwezi, fundi, hata kwa viti vile."

Sponji alisimama pembeni ya kochi, mikono nyuma. "Msimlazimishe," alisema polepole. "Niliyeharibu ni mimi. Kama ni shule, basi."

Hiyo "basi" ndiyo iliyomwingia Fundi. Ilikuwa ndogo, imekunjwa vizuri, kama mtu aliyekwishafungasha.

"Liingizeni," alisema.

Wakalipandisha kwenye benchi. Fundi akaleta sinia ya bati, akaiweka mahali pake. Akachukua koleo. Na akaanza ubavu wa kulia.

Aling'oa pini moja moja, taratibu, mtu mwenye viti arobaini vinavyomngoja! Kitambaa kikaachia. Ikatoka kalamu ya risasi. Kikatoka kitana. Ikatoka karatasi iliyokunjwa mara nane, naye akaikunjua kabla hajakumbuka kuwa si kazi yake.

"Ripoti ya kidato cha pili," alisoma. "Redio. Ulisema ilichukuliwa na upepo."

"Ulikuwa upepo mkali, mzee."

"Ukaichomeka ndani ya kochi?"

"Upepo wa siku hizo ulikuwa na akili sana." Mama yake akampiga kibao cha bega, na wote wakacheka, hata Sponji, kicheko kifupi kilichokatika katikati.

Fundi akaendelea na sehemu ya kukalia. Pale kwenye ufa wa nyuma koleo likavuta kitu laini. Leso nyeupe, imechafuka kwa vumbi. Ilikuwa na mafundo saba, yamefungwa kwa mstari, madogo na makini.

Fundi akaiweka kwenye sinia.

"Hiyo yangu," alisema Bibi. "Niliitafuta. Nikasema, ama kweli, sasa nimesahau hata nilipoweka kumbukumbu." Alijaribu kucheka.

Sponji alikuwa ameinamia sinia. Aligusa fundo la kwanza, la pili, mpaka la saba. Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Baba, unahangaika upande ambao hauna kitu."

Koleo likasimama.

"Ndiyo," alisema Fundi.

"Unajua ni upande gani."

"Najua."

Mkewe akamgeukia. "Unajua nini wewe?"

Fundi alitaka kutazama dari. Shingo ilikuwa imeshaanza safari. Akaishika kwa mkono wake mwenyewe, kweli kabisa, kiganja kwenye kisogo, akairudisha chini kama mtu anayemzuia mtoto asikimbilie barabarani.

"Niliugusa mshono wake," alisema. "Kabla ya yote haya. Miezi miwili kabla. Nikabonyeza, kitu kikalia ndani. Nikajua si springi, springi hailii hivyo. Nikamsifu mkono."

"Ulimsifu?"

"Ulikuwa mshono mzuri," alisema Fundi, na sauti ikamkatika kwenye neno "mzuri" kama uzi mbovu.

"Nilijua kwamba umejua," alisema Sponji. Sasa alikuwa anamtazama. "Nilikaa pale na kalamu nikasema, haya, anafungua sasa hivi. Niliogopa sana. Halafu nikatamani ufungue. Kweli, baba. Nilisubiri. Ukavaa viatu. Nikasema basi, labda inaruhusiwa. Kesho yake nikasema, labda haimhusu."

"Inanihusu."

"Sasa mbona ulikwenda?"

Alitafuta jibu zuri. Alikuwa na makopo ya gundi, mita za kitambaa, nyundo tatu, na hakuwa na kitu cha kulifunikia jibu lile. "Niliogopa," alisema. "Wateja nawatazamia dari ili wasione haya. Wewe nilikutazamia dari ili nisione mimi."

Mshauri hakuandika chochote. Alikuwa ameshusha miwani yake na kuishika magotini.

"Bado kipo," alisema Sponji. "Kichupa. Tangu hospitali sijakigusa, na siwadanganyi, mnaweza kuhesabu. Lakini kila siku nakaa upande ule. Naegemeza kiwiko palepale. Sikifungui. Nakaa tu, najua kipo. Nimechoka kujua peke yangu."

Fundi akatoa kisu kidogo cha mishono, akamnyooshea, mpini mbele.

Sponji akatikisa kichwa. "Hapana. Fundi anafungua, mwenyewe anatazama. Ni desturi ya karakana yako."

Basi Fundi akazunguka upande wa kushoto. Akapapasa. Akapapasa tena. Akavaa miwani ya kusomea, akainama, akaleta taa. Redio akaanza kusema kitu, mama yake akamkanyaga.

"Siuoni," alisema Fundi hatimaye. "Najua upo lakini siuoni unapoanzia. Nitararua kitambaa chote." Akamtazama binti yake, uso umewiva kwa aibu na kitu kingine ambacho, Mungu amsamehe, kilikuwa fahari. "Nionyeshe uzi."

Sponji akasogea. Wakainama pamoja, vichwa vimegusana. Akaushika mkono wa baba yake, akaupeleka chini kidogo, kulia kidogo, akaweka ncha ya kidole chake juu ya kinundu kidogo kuliko punje ya mchele.

"Hapo."

Akakata. Akavuta, na uzi ukatoka wote kwa mara moja, mrefu, mweupe. Mkono wa Fundi ukaingia ndani ukatoka na kichupa kidogo cha plastiki. Akakiweka kwenye sinia, kando ya leso. Kikalia taratibu, kama njugu.

Na kila mmoja, kwa mazoea, akamwangalia Fundi aone anavyoinua macho.

Hakuinua. Alikitazama kichupa mpaka akamaliza kukitazama. Kisha akamtazama mtoto wake, akamtazama vizuri, vile anavyotazama fremu kabla ya kuigusa: wapi imepinda, wapi imechoka, wapi bado mbao ni nzima. Halafu akafanya jambo lililomfanya Redio aitafute simu yake apige picha na asiipate. Akakaa.

Akakaa kwenye kochi lenyewe, lililovuliwa nusu, na kwa haraka yake akakaa katikati.

"Allah!" Akaruka.

"Hiyo ndiyo tunaikalia sisi," alisema mkewe, "miaka yote."

"Karibu nyumbani, mzee," alisema Redio.

Bibi alicheka mpaka akashika nyonga. Sponji alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kazi mbili kwa mshahara mmoja, na Fundi akasogea pembeni ya springi, akapigapiga nafasi upande wa kushoto. Binti akaja akakaa. Kiwiko chake kikatafuta mahali pake pa siku zote, kikakuta tundu. Akakiweka kwenye goti la baba yake.

"Nilijua, nikanyamaza," Fundi alimwambia mshauri. "Hilo ndilo langu. Limechelewa wiki moja."

"Limefika," alisema mshauri. Alikichukua kichupa, wote wakashuhudia anakihesabu na kukifungia kwenye bahasha ya kurudisha kwenye duka la dawa la hospitali. Kisha akatoa fomu, akaiweka juu ya kiti kimojawapo cha ukumbi, akatia saini. Penye "mahali pa kikao" aliandika: karakana. Ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi.

"Zimebaki mbili," aliwaambia. "Na baada ya hizo mbili maisha yote. Kuna siku atataka tena, fundi. Siku hiyo atatafuta wa kumwambia."

"Ataniambia mimi," alisema Fundi. Kisha akamgeukia Sponji, kwa sababu hilo halikuwa lake kuliamua. "Utaniambia?"

Sponji alifikiri. Hakukimbilia kujibu, na Fundi akampenda kwa hilo. "Ukiwa umekaa," alisema.

"Sawa."

"Kwa hiyo fundi," alisema Bibi, anaikunjua leso yake na kuanza kufungua mafundo moja moja kwa kucha, "kochi langu nilifuate lini?"

"Wiki—" alisema Fundi.

Watu wanne wakamkodolea macho. Wa tano, aliyevaa miwani, akainua nyusi.

"Leo," alisema Fundi.

"Na viti arobaini?" aliuliza mkewe.

"Wenye viti watasubiri wamesimama. Mimi nimesimama miaka ishirini na mitatu, nimekufa?"

Akaunyoosha mkono kwenye kopo la zana, akatoa sindano iliyopinda, akairudisha. Akatoa nyingine, kubwa, iliyonyooka, ile ya kushonea magunia, ambayo mshono wake mtu anauona akiwa ng'ambo ya barabara. Akampa Sponji.

"Baba, hii itakuwa mbaya," alisema Sponji.

"Mbaya sana," alisema Fundi. "Tunga uzi."